Gia ya Pili, Mkoani hadi Chake

Mie mtu wa Makunduchi.
Kwetu kilima ni tuta la barabarani,
na hilo lenyewe tuliliomba miaka kumi.
Basi Shaame Kaim aliponipa funguo za Corolla yake
nje ya bandari ya Mkoani
na kuniuliza kama milima naijua,
nikamwambia naijua sana.
Nimeiona kwenye kalenda.

Akafungua buti. Mna tairi la akiba,
dumu la maji, na jiwe.
"Hili," kasema, akilipapasa kama utosi wa mtoto,
"usilisahau popote. Gari nitapata jengine."

Barabara ya huku haijui kwenda.
Inajua kupanda, inajua kushuka,
inajua kupinda kama mtu aliyetumwa dukani
akasahau alichotumwa, akarudi,
akakumbuka njiani, akageuka tena.
Ukifika juu unasema: alhamdulillahi, yamekwisha.
Unaonyeshwa bonde, mpunga chini,
kijani cha kuumiza macho,
na ng'ambo ya bonde kilima chengine
kimekaa kitako kinakungoja.

Kilima cha kwanza nikampita mtu wa baiskeli.
Kashuka, anaisukuma, nyuma kafunga tenga la kuku.
Nikapiga honi ya heshima. Nikajiona mtu.

Kwenye mteremko, mguu wangu kwenye breki,
Ayatul Kursiy mdomoni,
akanipita yeye, kanzu imejaa upepo,
kuku wametoa vichwa kwenye tenga
wananitazama kwa huruma.
"Asalaam alaykum!"
Nilipopata pumzi ya kuitikia
keshakuwa nukta.

Kilima cha pili nikampita: "Tumeonana tena!"
Mteremko wa pili kanipita: "Hujambo tangu hapo?"
Ikawa mazungumzo ya vipande,
swali napewa juu, jibu nalitoa chini.
Kabla ya Mtambile nimeshajua anaitwa Massoud Ngwali.
Baada ya Mtambile, ana watoto saba.
Bonde moja baadaye, wa saba anaoa Ijumaa,
na kuku hawa ndio pilau yenyewe.
Hapo nikaelewa kwa nini walitoa vichwa.

Ngwachani Corolla ikachemka.
Ikapiga kwikwi mbili, ikaanza kurudi nyuma
taratibu, kwa adabu,
kama mgeni anayeaga.
Jiwe! Nikaruka, nikalitia nyuma ya gurudumu,
na hapo nikalipenda kuliko ndugu zangu baadhi.

Bibi mmoja alikuwa kando anaanua karafuu.
Nusu ya barabara ya magari, nusu ya majamvi yake,
na nusu yake ndiyo yenye haki.
"We kijana, moshi wa gari yako
utaniharibia daraja. Hizi namba wani."
Nikaomba radhi. Nikamimina maji kwenye rejeta.
Watoto wa skuli wakaja kusukuma bila kuitwa,
kumi na wawili, na mmoja wa kuhesabu,
moja, mbili, haya!
Gari ikapanda ikinukia karafuu,
nami nikapanda ndani nikinukia jasho.

Chake nilipofika, Massoud keshakaa barazani,
kikombe cha pili cha kahawa mkononi,
kashata nusu kaniwekea.
"Kumbe wewe wa wapi?"
"Makunduchi."
"Aa." Akafikiri. "Huko kwenu mnapanda nini?"
"Muhogo," nikasema. "Na viazi vikuu kidogo."

Alicheka mpaka kahawa ikammwagikia,
akamwambia wa pembeni, naye akamwambia wa ng'ambo,
na baraza zima likanicheka.
Nilicheka nao, ingawa nilikwishafahamu
kwamba jioni narudi Mkoani,
vilima vyote vile, kinyumenyume,
na kwamba jiwe la Shaame
nimeliacha Ngwachani, katikati ya njia,
karibu na karafuu za yule bibi.